Uliza Mchapaji: Nani Katumwa, na Nani Kamtuma?

Barua za mwezi huu zimekuja na hasira. Uchaguzi wa 2027 umekaribia na kila mwaniaji ameshapata jina la kumpaka mwenzake: kibaraka, msaliti, mtu wa mabeberu. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza, mimi ni mchapaji mstaafu hapa Kisumu. Nimechapa mabango ya vyama vingi, vingine vimekufa vikiwa na deni langu. Sina chama. Kazi ile ilinifunza tabia moja mbaya: mtu akihutubia, mimi natafuta jina lililo kwenye risiti. Barua nimezifupisha, matusi nimeyatoa.

*Mzee wetu, salamu. Nasoma historia Maseno. Mwenzangu wa bwenini anasema Jaramogi Oginga Odinga aliiuza nchi kwa Warusi na Wachina, na ushahidi wake ni hospitali yetu inayoitwa Russia. Mimi kwetu ni Sakwa, alikotoka Jaramogi, kwa hiyo nikimjibu anasema natetea ukoo. Nimwambie nini? — Mwanafunzi, Maseno*

Mwanangu, hospitali hiyo siku hizi ina jina la Jaramogi mwenyewe kwenye kibao, lakini panda matatu umtajie kondakta jina hilo refu lote, uone atakavyokukodolea macho. Sema Russia, anakushusha langoni. Kwa hiyo mwenzako hajakosea kusema ni ya Warusi, maana ndio waliotoa msaada wa kuijenga. Anakosea anapodhani iliingia Kisumu kwa mlango wa nyuma.

Mei 1964 ujumbe wa serikali ya Kenya ulikwenda Moscow na Beijing. Wakuu wake walikuwa wawili: Jaramogi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Joseph Murumbi. Hawakutoroka usiku. Walitumwa na serikali ya Kenyatta, wakaongea kwa jina la serikali hiyo, na misaada waliyoahidiwa ilikuwa ya nchi. Hospitali ya Kisumu ni tunda la urafiki huo. Muulize mwenzako: mtu aliyetumwa na serikali, akaleta jengo ambalo Rais mwenyewe alikuja kulifungua, ameuza kitu gani hapo?

Lakini usimfanye malaika, maana hapo utashindwa mjadala. Jaramogi alikuwa na njia yake mwenyewe pia. Mwaka 1960 alikwenda Ulaya Mashariki na China, na aliporudi wakoloni wakamnyang'anya pasipoti. Vijana wengi walipitia mikononi mwake kwenda kusoma nchi za Mashariki. Mwanawe Raila alisomea uhandisi Ujerumani Mashariki. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kuwafunza makada wa chama tawala cha KANU, kilikuwa na pesa na walimu kutoka upande huo, mpaka serikali ilipokichukua 1965. Mwenzako atalishika hilo kwa mikono miwili. Mwache alishike, kisha mwonyeshe kwamba Jaramogi hakuwa mlezi peke yake wa chuo hicho. Kenyatta naye alikuwa mlezi.

Sasa vuka ghuba hadi Rusinga. Tom Mboya alipewa pesa na vyama vya wafanyakazi vya Marekani, dola 35,000, kwa ajili ya makao ya shirikisho lake la wafanyakazi Nairobi mnamo 1957. Septemba 1959 ndege yake ya kwanza ya wanafunzi iliwapeleka vijana 81 Marekani, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Mmoja akaitwa mtu wa Moscow, mwingine mtu wa Washington, na wote wawili ni wana wa Nyanza, mmoja wa kaskazini ya Ghuba ya Winam, mwingine wa kusini. Wazee wetu walikunywa chai wakibishana ni yupi kibaraka zaidi, na watoto wao wakasafiri kwa tiketi za wote wawili.

Na katikati pale, ambapo hakuna aliyeitwa kibaraka kwa sauti, alikuwapo Bruce McKenzie, Waziri wa Kilimo, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa karibu sana na majasusi wa Uingereza na wa Israeli. Alikufa 1978 ndege yake ilipolipuka kwa bomu akitoka kuonana na Idi Amin. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba mwaka 1965 London ilikuwa na mpango wa kuleta askari kumwokoa Kenyatta endapo kungetokea jaribio la kumpindua. Mpango huo haukusomwa bungeni wala kutangazwa barazani. Huo ndio ungenikosesha usingizi mimi, kuliko hospitali ambayo kila mgonjwa anaiona.

Kuna jambo la mwaka huohuo ambalo vitabu vya shule huliruka. Mei 1965 malori yenye silaha za Kichina yalikamatwa Nyanza Kusini yakitokea Tanzania. Kabla vumbi halijatulia kila mtu alishajua ni za Jaramogi, anataka kupindua serikali. Ikabidi Milton Obote aje mwenyewe kusema mzigo ni wa Uganda, ulikuwa unapita tu. Na ulikuwa wa Uganda kweli. Malori yakaachiliwa, ila uvumi haukuachiliwa. Miezi kumi baadaye, kule Limuru, KANU ikakigawa cheo cha Jaramogi cha makamu wa rais wa chama kwa watu wanane, naye akaondoka kuunda chama chake, KPU.

Siku ya kufunguliwa Russia, 25 Oktoba 1969, nilikuwa darasa la sita. Tulipangwa kando ya barabara tukiwa na bendera za karatasi, zimechapwa upande mmoja, upande wa pili mweupe. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mchapaji, maana niliitazama ile bendera nikajiuliza nani kabana matumizi. Mboya alikuwa ameuawa Julai 5, na watu walikuwa na uchungu. Kenyatta na Jaramogi wakarushiana maneno makali mbele ya umati, kisha risasi zikalia. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Hapa Kisumu hutapata mzee wa rika langu anayeikubali hesabu hiyo. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini hadi 1971.

Kwa hiyo ukirudi bwenini usibishane kama Jaramogi alipokea. Alipokea. Bishana kuhusu nani alijua, kiliandikwa wapi, na nani alifaidika. Kwa vipimo hivyo vitatu, Russia ndiyo zawadi safi kuliko zote za wakati ule, na mwenzako amechagua ushahidi mbaya kabisa.

*Ndugu Mchapaji, umri wangu na wako ni wa kushikana mikono. Sisi wa Kimilili hatujasahau 1983, mbunge wetu aliposimama bungeni akamtaja msaliti. Wajukuu wangu wanauliza: yule msaliti alikuwa ametumwa na nchi gani? Nimekosa jibu. — Mwalimu mstaafu, Kimilili*

Mwalimu, umekosa jibu kwa sababu jibu halikutolewa. Mei 1983 Rais Moi alikuwa Kisii akasema nchi za kigeni zinamwandaa mtu ili aichukue Kenya. Mtu hakumtaja, na nchi hakuzitaja.

Wakati huo nilikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na stendi ya basi, tukitumia herufi za mbao kwa mabango makubwa. Wiki hiyohiyo diwani mmoja aliingia anahema, akaagiza mabango 200 ya kumlaani msaliti. Nikamuuliza msaliti ni nani. Akasema, "Acha nafasi hapa, jina tutajaza." Nikamuuliza niache nafasi ya herufi ngapi. "Wewe acha kubwa," akasema, "hawa watu wana majina marefu." Nikaacha ya herufi kumi na mbili. Mwezi wa Juni mbunge wako, Elijah Mwangale, Waziri wa Utalii, akamtaja Charles Njonjo. Herufi sita. Diwani akarudi, tukajaza nyota tatu kila upande wa jina, akaondoka nayo ameridhika. Alilipa pesa taslimu na hakutaka risiti.

Tume ya Jaji Cecil Miller ikaundwa kumchunguza Njonjo. Tuhuma zilikuwa nyingi, zikiwamo za njama ya mapinduzi ya Ushelisheli na za kushirikiana na Afrika Kusini ya makaburu. Ripoti ikatoka mwishoni mwa 1984, na siku ya Jamhuri Moi akatangaza kumsamehe. Hakufikishwa mahakamani kwa uhaini. Mtu aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kutoka 1963 hadi 1980, akatajwa kuwa wakala wa wageni, akarudi nyumbani kwake akaishi mpaka Januari 2022, umri umepita miaka 100. Waambie wajukuu wafanye hesabu wenyewe. Kama alitumwa kweli, serikali ililegea mno. Kama hakutumwa, basi mwaka mzima nchi iliimba wimbo wa kumwangusha mtu mmoja, na Septemba 1983 tukapelekwa kwenye uchaguzi wa mapema huku kila mwaniaji akikimbilia kuthibitisha kwamba yeye hamjui Njonjo.

Nitaongeza moja kwa sababu wewe ni wa Bungoma. Mwaka 1995 serikali ilisema kuna jeshi la waasi linaloandaliwa Uganda chini ya mtu aliyeitwa Brigedia Odongo. Waliokamatwa na kupigwa hawakuwa mawaziri. Walikuwa wakulima, walimu na wauza mitumba wa kwenu. Mkubwa akiitwa wakala wa wageni hupata tume yenye jaji. Mdogo hupata seli.

*Mzee, mimi naendesha bodaboda, stendi ya Kondele. Juni 2024 nilikuwa barabarani kwenye maandamano, petroli ya kukopa na maji ya kununua mwenyewe. Nikasikia serikali ikisema tulifadhiliwa na Wamarekani. Hiyo pesa iko wapi nikachukue yangu? — Kijana wa Kondele*

Kijana wangu, foleni ya kuulizia pesa hiyo ni ndefu, na mjukuu wangu yuko mbele yako.

Maneno yenyewe yalitoka Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, tarehe 15 Julai 2024. Rais Ruto aliutaja wakfu wa Ford wa Marekani kwa jina, akautaka ueleze kama unafadhili vurugu. Ford wakajibu kwamba hawakuyafadhili maandamano yale. Ofisi yao ya Nairobi iko hapa tangu miaka ya 1960 na serikali zetu zote zimefanya kazi nao.

Mimi nitakupa ushahidi wa fundi. Mfadhili akilipa, mabango huchapwa. Nimeyachapa, nayajua: rangi mbili, nembo pembeni, vipimo vinalingana, na fulana zinakuja kwenye marobota zimekunjwa. Yenu niliyatazama yakipita Kondele. Yalikuwa makatoni ya mkate na karatasi za manila, yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kwa mengine wino ulimwishia mwandishi katikati ya neno ikabidi amalizie kwa rangi nyingine. Hakuna mhasibu wa shirika lolote duniani anayeweza kuandika hati ya malipo ya vitu vile.

Ila tazama kalenda, maana hapo pana utamu. Tarehe 24 Juni 2024 Rais Biden wa Marekani alitia saini ya kuifanya Kenya mshirika mkuu wa kijeshi wa nchi yake aliye nje ya NATO. Tarehe 25 Juni, siku mliyoingia Bungeni Nairobi, polisi wa Kenya wa kundi la kwanza walitua Haiti, katika kazi ambayo Marekani iliahidi zaidi ya dola milioni 300. Na Mswada wa Fedha mliokuwa mkiupinga, uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346, ulikuwa sehemu ya masharti ambayo serikali ilikuwa ikijaribu kuyatimiza mbele ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sisemi mambo hayo ni uhaini. Nchi inaweza kupeleka polisi ng'ambo na inaweza kukopa. Lakini serikali iliyokuwa na mikataba mitatu ya namna hiyo mezani kwa wiki moja ilikuwa na ujasiri mkubwa kumuuliza mwendesha boda ni nani anayemlipa.

Petroli ya kukopa, ilipe. Mwenye pampu hajui siasa.

*Mzee Mchapaji, nina ekari mbili za majani chai. Mwaka jana tuliambiwa Sudan imekataa chai yetu kwa sababu ya mkutano uliofanyika Nairobi. Mimi na Sudan tumekosana lini? — Mkulima, Nandi Hills*

Ndugu mkulima, hamjakosana. Mlikosanishwa.

Februari 2025 viongozi wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, walikutana na washirika wao katika jumba la KICC, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Khartoum ikamwita nyumbani balozi wake, na mwezi wa Machi ikasimamisha bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza. Sudan ilikuwa mnunuzi wetu wa maana, hasa wa chai ya daraja ambalo si kila soko linaitaka, na kuna mzigo ulioshikwa ukiwa safarini. Serikali yetu ilisema inatafuta amani na kwamba kuwapa watu ukumbi si kuwaunga mkono.

Watu wakaanza kutafuta sababu nyingine. Wakakumbuka kwamba Hemedti, mkuu wa RSF, alipokelewa Nairobi Januari 2024. Wakakumbuka kwamba Falme za Kiarabu, zinazotuhumiwa kuipa RSF silaha nazo zinakana, zilitia saini mkataba wa biashara na Kenya Januari 2025, na kwamba hazina yetu ilikuwa ikitafuta kwao mkopo wa dola bilioni 1.5. Mkopo ni mkopo na mkutano ni mkutano, na kuvifunga pamoja kunahitaji karatasi ambayo haijawekwa hadharani. Hata hivyo lawama ya uvumi huo siwatupii wananchi. Uamuzi wenye gharama kwako ulifanywa kimya, na aliyeufanya hakuja Nandi Hills kukueleza kabla ya bonasi. Mtu asipoelezwa hujieleza mwenyewe.

Unachoweza kufanya ni hiki. Bunge la Taifa lina Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni. Mbunge wenu akija kwenye mkutano wa kiwanda, msimuulize kama anampenda Rais. Muulizeni siku ambayo kamati hiyo ilijadili soko la Sudan, na yeye alisema nini. Mwambieni mnataka jibu kwa maandishi, na mjue kwamba wabunge wengi huanza kutafuta miwani mtu akitamka "kwa maandishi".

*Mchapaji, mwaniaji wetu wa ubunge ameishi Marekani miaka mingi. Wapinzani wanasema ana kadi ya kijani na pasipoti ya huko, kwa hiyo ni mtu wa Wazungu. Sheria inasemaje? — Mpiga kura, Busia*

Hapo pana vitu viwili na wapinzani wanavichanganya makusudi. Kadi ya kijani ni kibali cha kuishi na kufanya kazi. Haimfanyi mtu kuwa raia wa Marekani. Pasipoti ni habari nyingine. Kifungu cha 78 cha Katiba kinakataza ofisa wa serikali, mbunge akiwamo, kuwa na uraia wa nchi mbili, ila kama ule wa pili aliupata kwa sheria za nchi hiyo bila uwezo wa kuukataa. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamtaka aukane uraia wa nje rasmi kabla ya kuingia ofisini. Kwa anayewania urais, kifungu cha 137 kinamzuia mtu anayewajibika kwa utiifu kwa taifa jingine. Na chama chake kisipokee mchango kutoka kwa asiye raia wala serikali ya kigeni. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakataza.

Kwa hiyo muulizeni hadharani: una uraia mwingine, na kama unao, utaukana lini? Akianza kuwaeleza jinsi anavyokula ugali na omena, hajajibu. Na ninyi wa Busia msijifanye wageni wa jambo hili, maana hapo mpakani kuna boma ambazo kitanda kiko Kenya na jiko liko Uganda, na siku ya kura za Uganda soko lenu hunywea ghafla.

*Baba, sisi ni kikundi cha akina mama Nyalenda. Tunasikia reli mpya itafika Kisumu, na wengine wanasema imeshawekwa rehani kwa Wachina. Tunawezaje kuuona mkataba wenyewe badala ya kubishana? — Katibu wa kikundi, Nyalenda*

Mama, barua yako ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Kwanza mjue kwa nini watu wana wasiwasi. Mikataba ya mkopo wa reli ya Mombasa hadi Nairobi ilitiwa saini 2014 na benki ya Exim ya China, karibu dola bilioni 3.2, na kwa miaka minane serikali iligoma kuitoa. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilisema zabuni ya reli hiyo haikufuata sheria; mmoja wa waliokuwa wameipeleka kesi ni Okiya Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia. Novemba 2022 Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa sehemu ya mikataba hiyo. Ndipo tukasoma wenyewe kwamba Kenya ilikubali kuficha yaliyomo, kwamba sheria inayotawala mkopo ni ya China, na kwamba mgogoro ukizuka utaamuliwa Beijing. Wakubwa waliotia saini walikuwa Wakenya, wengi wao wakiwaita wapinzani wao vibaraka wakati uleule.

Sasa njia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Andikeni ombi kwa Shirika la Reli na nakala kwa Wizara ya Uchukuzi. Mnaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Sheria inasema hivyo waziwazi, msikubali karani awarudishe. Asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na ofisa mwenyewe. Msiombe "habari zote kuhusu reli", maana mtajibiwa na kitabu cha picha. Tajeni mkataba: wa mkopo, wa ujenzi, au wa kuendesha treni. Ombeni vifungu kuhusu dhamana, sheria inayotawala na mahali pa kuamua migogoro. Huna haja ya kueleza unautakia nini.

Wana siku 21 za kuamua, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Wakikataa au wakinyamaza, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, yenye ofisi hapa Kisumu. Malipo yanayoruhusiwa ni ya gharama ya kutoa nakala na kuwafikishia tu.

Pelekeni barua mbili, moja waichukue, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo. Muhuri ukiwa umefifia, mwombe karani aukanyage tena kwenye wino. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.